Ukavu ukeni ukifika umri wa kukoma hedhi: namna ya kuchagua jeli, hatua kwa hatua

Mimi ni nesi na nafanya kazi duka la dawa hapa Mombasa, na hili swali huwa linakuja kwa kunong'ona. Mama anangoja watu wapungue, anaagiza Panadol kwanza, halafu anainamia kaunta: "Mwanangu, hamna kitu cha... huko chini?" Wiki iliyopita nimekaa na mmoja tukasoma boksi moja moja, tulipomaliza akaniambia hebu yaandike haya, si kila mtu ana uso wa kuuliza. Basi ndo haya.

Kitu kinachonisikitisha ni kwamba somo, yaani kungwi, anakufunza mambo ya ndoa ukiwa mwari, anakufunza mpaka kufukiza chumba na kutandaza asmini kitandani, lakini ukifika hamsini hakuna anayekuketisha. Mwanamke anavumilia maumivu miaka na miaka, mume anadhani hatakiwi tena, na kumbe cha kuanzia kinauzwa dukani bila hata cheti cha daktari.

Kinachotokea ni hivi. Homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba, damu inayopita pale inapungua, na ule unyevu wa kawaida unapungua pia. Ile asidi ya ukeni inayozuia vidudu, ambayo kwa kawaida pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ni kati ya 3.8 na 4.5, inapungua nguvu na pH inapanda kupita 5, ndo maana wengine wanaanza kusumbuliwa na mkojo mara kwa mara kila wakipima wanaambiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Kuhesabika umekoma hedhi ni mpaka umalize miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi hufika hapo kwenye miaka 51 hivi, lakini ukavu unaweza kuanza mapema ukiwa bado unaona siku zako zikirukaruka. Na tofauti na lile joto la ghafla la usiku, ambalo kwa wengi hupoa lenyewe na miaka, huu ukavu ukiachwa hivihivi huwa unazidi, kwa hivyo usikae ukingoja upite.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukavu kweli

Ukavu ni kuhisi kama ngozi inakwaruza, kuwaka ukikojoa au wakati wa tendo, kuwashwa kidogo, chupi au suruali ya kubana kukukera. Ukiwa na uchafu mzito kama maziwa ya mgando, au harufu ya samaki, au kidonda, au mabaka meupe kwa nje yanayowasha usiku, hiyo si ya jeli, nenda ukaangaliwe.

Damu nayo naiweka peke yake. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi halafu ukaona damu, hata tone moja kwenye chupi, hata kama ni mara moja ikaacha, unaenda hospitali. Damu baada ya tendo vilevile. Mara nyingi inakuwa ni ngozi nyembamba imechubuka tu, lakini saratani ya shingo ya uzazi na ya mji wa uzazi zinaanza hivohivo na mapema zinatibika.

Pia angalia dawa unazokunywa. Piriton, cetirizine na amitriptyline zinaweza kukausha, na dawa za saratani ya matiti kama tamoxifen na zile za kundi la anastrozole. Usiache dawa, mwambie tu aliyekuandikia.

Hatua ya 2: Acha vinavyokausha

Ukinunua jeli nzuri halafu asubuhi unaosha ndani na sabuni, umetupa pesa. Ndani ya uke hakuoshwi, kunajisafisha kwenyewe. Kwa nje maji matupu yanatosha. Sabuni ya kipande, dawa ya kuua vidudu kwenye beseni, limau, wipes zenye marashi, pedi ndogo za kila siku zenye harufu, zote weka kando.

Na tuseme wazi, shabu, lile jiwe jeupe la alum. Najua wanawake wengi huku pwani wanaitumia kubana, na wakifika umri huu wanaongeza kwa sababu wanahisi wamelegea. Shabu inakausha na kuchubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Udi fukiza nguo, fukiza nywele, fukiza chumba chote kinukie, lakini usiukalie. Utafiti wa miaka 10 uliofanywa hapahapa Mombasa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, ukachapishwa 2006, ulikuta wanaojiosha ndani walikuwa kwenye hatari zaidi ya kupata virusi vya ukimwi, na wa sabuni wakazidi wa maji matupu. Mimi sihitaji ushahidi mwingine kumwambia mtu aache.

Hatua ya 3: Jua unanunua kipi kati ya viwili

Kuna kilainishi na kuna jeli ya unyevu. Watu wanavichanganya halafu wanalalamika havifanyi kazi.

Kilainishi ni cha wakati wa tendo tu. Unapaka muda huo, kinapunguza msuguano, kesho hakipo. Jeli ya unyevu unaiweka ndani mara 2 au 3 kwa wiki iwe una mume au huna, iwe mnakutana au hamkutani, inashika kwenye ngozi na kuachia maji taratibu siku 2 au 3. Kama ukavu unakusumbua ukitembea, ukikaa, ukikojoa, unahitaji jeli ya unyevu. Kama ni kwenye tendo tu, anza na kilainishi. Wengi ninaowahudumia wanaishia kuwa na vyote viwili, na mjane ambaye hana mtu asione haya kununua ya unyevu, hiyo si ya mapenzi, ni ya ngozi yake.

Hatua ya 4: Soma nyuma ya boksi

Hapa ndo penye kazi, kwa hivyo tulia, chukua miwani. Maandishi huwa madogo mno, mimi huwa nawaambia wapige picha na simu halafu wavute ikue. Usiangalie mbele. Mbele kuna ua, kuna tone la maji, kuna neno la asili, hayo ni ya kuuza. Geuza.

Orodha ya vilivyomo inaandikwa kwa wingi, cha kwanza ndo kingi kuliko vyote, kinachofuata kimepungua, hivohivo mpaka mwisho. Jeli ya maji itaanza na Water au Aqua. Sasa angalia cha pili. Kikiwa ni Glycerin au Glycerol au Propylene Glycol, mimi narudisha kwenye shelfu. Sababu ni kwamba hivi vitu vikiwa vingi vinavuta maji. Unajua unavyotia samaki chumvi kutengeneza ng'onda, chumvi iko nje na maji yote ya samaki yanatoka kuifuata? Jeli nzito ya gliserini inafanya hivohivo kwa ngozi ya ndani, unateleza vizuri ile dakika unapaka, halafu kesho yake umekauka kuliko ulivyokuwa na unawaka. Mama anakuja ananiambia "hii dawa imenidhuru" na ana haki.

Hiyo nguvu ya kuvuta maji inapimwa, kipimo kinaitwa osmolality. Majimaji ya uke wenyewe ni kama 370. Mwaka 2012 shirika la afya duniani WHO pamoja na UNFPA na FHI 360 walitoa mwongozo kwamba kilainishi kizuri kisipite 380, lakini kwa vile madukani nyingi zimepita hapo, wakaruhusu mwisho 1200. Kwenye vipimo walivyoorodhesha, ile K-Y Jelly ya kawaida ambayo watu wameizoea hospitali na kila mtu akiniuliza anaanza na jina hilo, ilipita 2000. Kwa nesi anayeweka kifaa mara moja haina shida, lakini kwa mama wa miaka 54 mwenye ngozi nyembamba kuitumia kila wiki mimi siipendekezi.

Shida ni kwamba kampuni nyingi haziandiki hiyo namba kwenye boksi. Kwa hivyo unafanya hivi: kwanza orodha, kama nilivosema. Pili, andika jina kamili la jeli kwenye simu na neno osmolality mbele yake, kampuni zinazojivunia namba yao wanaiweka wazi. Lakini uwe makini, jina moja linaweza kuwa na jeli tano tofauti, ya kawaida, ya joto, ya ladha, na kila moja ina vyake, kwa hivyo namba ya ndugu yake si namba yake. Halafu kampuni hubadilisha vilivyomo boksi likabaki lilelile, kwa hivyo ukienda kununua ya pili soma tena, usichukue tu kwa kuwa unaijua rangi. Na gliserini ikiwa ya nne au ya tano huko chini, baada ya vitu vya kuifanya jeli iwe nzito, usiogope sana, mwongozo uleule unasema jumla ya glikoli (gliserini na wenzake kama Propylene Glycol) isipite kama asilimia 8.3, tatizo ni wingi wake.

Kitu cha pili ni pH. Unataka namba, kati ya 3.8 na 4.5 hivi. Boksi likikwambia "pH balanced" bila namba halijakwambia kitu. Na kuna vilainishi vya wanaotafuta mimba, hivo vimetengenezwa pH yake iwe karibu na 7 ili mbegu za mwanaume zisife, ni vizuri kwa kazi yake lakini si yetu sisi.

Tatu ni vitu vya kukimbia, ukiona chochote hapa rudisha hata kama gliserini na pH vilikuwa sawa. Chlorhexidine, hii inaua vidudu wote hadi wale wazuri wanaotengeneza asidi. Perfume, Parfum, Fragrance na ladha za stroberi. Menthol, Capsicum, na chochote kinachoahidi kupasha joto au kupoza, ngozi nyembamba itaona moto. Nonoxynol-9, hiyo ni ya kuua mbegu na inachubua. Parabeni, zile za kuzuia jeli isioze, watu wanazibishania sana, mimi kwa ngozi iliyochubuka nachagua isiyo nazo nikiwa na uwezo wa kuchagua, lakini sitaacha jeli yenye pH nzuri kwa sababu ya parabeni peke yake.

Vitu vinavyonifurahisha nikiviona: Hydroxyethylcellulose kama ndo ya kuifanya jeli iwe nzito, Lactic Acid ya kurekebisha pH, na kwenye jeli ya unyevu Sodium Hyaluronate au Hyaluronic Acid. Nyingine ya unyevu ni Polycarbophil, ndo iliyomo kwenye Replens, inashika vizuri lakini zenye Polycarbophil nyingi zina gliserini pia, kwa hivyo ikikuwasha wiki ya kwanza usiilazimishe, hamia kwenye hyaluronic.

Halafu kuna silikoni, na hii ina sheria zake. Orodha yake haina maji kabisa, inaanza na Dimethicone au Dimethiconol au Cyclopentasiloxane. Mambo ya osmolality na pH hayaihusu kwa sababu haina maji ya kuvuta wala kutoa. Haikauki katikati ya shughuli, tone dogo linatosha, inakubaliana na kondomu, na kwa mwenye maumivu makali hii ndo chaguo langu la kwanza la kilainishi, nalisema bila kusita. Ubaya wake ni bei, na ikidondoka kwenye tailsi unaweza kuanguka uvunje nyonga, na haitoki kwa maji tu. Kwa Waislamu hili ni muhimu, mikononi na mapajani osha kwa sabuni iishe utelezi kwanza halafu ndo uoge janaba, usiache utando ukazuia maji.

Mwisho wa hatua hii, jeli ya skani, ya ultrasound. Ile ya bluu inayouzwa kwa dumu. Imetengenezwa kwa tumbo kwa nje. Mtu akikuuzia kwa kupima kwenye kichupa, kataa.

Hatua ya 5: Mafuta ya nazi na ya kupikia

Kila mtu ananiuliza. Mafuta ya nazi safi, yasiyo na marashi, yaliyokamuliwa kwa chakula, mwanamke asiyetumia kondomu anaweza kuyatumia kwa nje na mlangoni, na wengi wanayapenda. Yale ya nywele ya chupa yenye harufu hapana. Weka taulo ya zamani chini manake joto letu linayafanya maji matupu na yanatia doa shuka. Ukiwa mtu wa fangasi za mara kwa mara yaache.

Vaseline na mafuta mengine ya mgando usiingize ndani. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulikuta wanaoyatumia ndani wanapata zaidi yale maambukizi ya bakteria yenye harufu.

Na mafuta na kondomu ya kawaida ya mpira haviendi pamoja, si ya nazi, si ya mtoto, si ya mwili, mpira unadhoofika ndani ya dakika chache na kupasuka. Kondomu ya kike ya nitrile inavumilia. Usiseme umri wa mimba umepita pia: kama uko chini ya 50 jikinge mpaka miaka 2 tangu hedhi ya mwisho, ukiwa umepita 50, mwaka 1. Na virusi haviulizi umri, ngozi nyembamba inachanika upesi.

Hatua ya 6: Jaribu

Paka kidogo ndani ya mkono, ngoja mpaka kesho. Halafu kidogo kwa nje huko, ngoja tena siku. Ikiwaka zaidi ya dakika chache, osha kwa maji, hiyo si yako.

Hatua ya 7: Matumizi

Jeli ya unyevu weka usiku ukishamaliza mambo yote ya kusimama, umeshaswali isha, unalala. Ukiweka mchana itashuka kwenye chupi na wengine inawatia wasiwasi wa udhu. Mwezi wa Ramadhani weka usiku baada ya futari, utaepuka maswali ya swaumu. Lala chali, kunja magoti, ingiza ile bomba yake ndogo kuelekea mgongoni, usielekeze juu tumboni, taratibu, na kama hata bomba linauma basi paka tone la kilainishi kwenye ncha yake. Mara 2 au 3 kwa wiki, na usiamue haifanyi kazi kabla ya miezi 2 au 3. Asubuhi ukiona vipande vyeupe vidogo ni mabaki ya jeli, si ugonjwa.

Kilainishi kipashe kwenye kiganja kwanza. Paka mlangoni hasa, kwa chini pale panapochanika, na mume naye apake. Watu wanapaka kidogo mno, weka kama kijiko cha chai. Kile cha maji kikianza kunata katikati usiongeze jeli juu ya jeli, tia matone ya maji safi, kitarudi kuteleza. Na msiharakishe, mwili wa umri huu unataka muda zaidi kuliko wa miaka 25, mume aambiwe hivo waziwazi, mwambie ni ngozi imebadilika, si kwamba yeye hatakiwi.

Joto la kaskazi linaharibu hivi vitu. Usiache ndani ya gari, na vile vidonge laini vya kuingiza vinayeyuka kwenye mkoba ukiwa kwenye matatu kutoka Likoni, kwa hivyo nunua jioni au weka kwenye friji ikiwa maelezo yanaruhusu.

Na kuhusu bei: mwaka 2018 kulichapishwa jaribio la Marekani la wanawake 302 waliokoma hedhi, wiki 12, wengine wakapewa kidonge cha estrojeni cha ukeni, wengine jeli ya unyevu, wengine jeli tupu ya kulinganishia. Dalili iliyokuwa ikiwasumbua zaidi ilipungua kwa wote kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hivyo mtu asikuambie lazima ununue ile ya bei ya juu kuliko zote. Nunua yenye vilivyomo vizuri unayoweza kuimudu mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ukiikatisha ukavu unarudi.

Hatua ya 8: Ikigoma

Miezi 3 imepita, umeacha sabuni, umetumia kwa mpangilio, bado unaumia. Muone daktari wa kina mama umuulize estrojeni ya kuweka ukeni. Ni dozi ndogo sana, kwa kawaida kila usiku wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki, na inayoingia kwenye damu ni kidogo mno ukilinganisha na vidonge vya kumeza. Hii inataka cheti, usinunue kwa kuelekezwa na jirani. Ukiwa umewahi kuugua saratani ya matiti anza na hizi zisizo na homoni, na mambo ya estrojeni yaamuliwe na daktari wako wa saratani. Muulize pia kama krimu utakayopewa inaharibu kondomu, baadhi zina mafuta.

Na ukija dukani kama huwezi kusema kwa mdomo, andika kwenye simu "jeli ya unyevu ya ukeni, isiyo na gliserini nyingi, isiyo na marashi" unionyeshe tu, au umuonyeshe yeyote aliyeko kaunta. Akikupa boksi, ligeuze kabla hujalipa.